Mama wa Njiti Alale Wapi?

Msikilizaji, chukua kijiko cha chai, kile kidogo cha kukorogea sukari. Kijaze maziwa, halafu ongeza matone kadhaa. Hapo unazo kama mililita 6. Kwa mtoto aliyezaliwa leo alfajiri akiwa na kilo 1.2, hicho ndicho chakula cha saa mbili. Zikipita saa mbili atapewa kingine, na kingine, usiku na mchana, mara 12, mpaka siku ikatike amepata mililita 72, yaani mililita 60 kwa kila kilo ya uzito wake. Kesho ataongezewa kidogo, keshokutwa kidogo tena. Tumbo likikubali, baada ya wiki moja au zaidi atakuwa amefika mililita 150 au 160 kwa kilo, na mizani itaanza kuonyesha kile ambacho kila muuguzi wa wodi ya watoto wachanga anakisubiri: ongezeko la gramu 15 hadi 20 kwa kila kilo, kila siku.

Mazungumzo yetu ya leo ni ya kijiko hicho. Nani anakijaza saa nane za usiku? Maana mtoto akizaliwa kabla ya wakati, ndugu wakifika hospitali huuliza kwanza habari za vifaa. Chupa ya kumlaza mtoto ipo? Oksijeni ipo? Ni maswali ya haki, wala sitamzuia mtu kuyauliza. Lakini mimi ningependa liulizwe na jingine, na liulizwe mapema: mama yake amelazwa wapi?

Tuanze na mtoto mwenyewe. Mimba huhesabiwa wiki 40, na anayezaliwa kabla ya kutimia wiki 37 ndiye tunayemwita njiti. Shirika la Afya Duniani na washirika wake walikadiria kwamba mwaka 2020 walizaliwa njiti milioni 13.4 duniani, karibu mtoto mmoja katika kila 10. Wengi wao wamewahi kwa wiki chache tu. Hawa wa wiki 34, 35, 36 wakipata joto, maziwa na mtu wa kuwaangalia kwa karibu, hushika njia. Ingawa nao wana hila yao: anaonekana mzima, analia, uzito si haba, basi anaruhusiwa siku ya pili kama watoto wengine, kumbe ni msinziaji. Anashika ziwa, ananyonya mara tatu, analala. Mama anasema mtoto wangu mpole, hasumbui. Mpole huyo anakauka. Mtoto wa namna hii haachwi mpaka alie njaa. Anaamshwa kwa saa, kila saa mbili au tatu, na kama amechoka kunyonya anamaliziwa kwa kikombe.

Wenye mambo mazito ni wale wa chini ya wiki 32, na zaidi wale wa chini ya 28. Hapa inabidi tuelewe wiki za mwisho za mimba zina kazi gani. Mtoto wa wiki 28 ana takriban kilo moja. Angebaki tumboni hadi wiki ya 40 angezaliwa na kilo tatu na ushei. Mara tatu ya uzito kwa miezi mitatu! Na uzito huo si nyama tupu. Ni katika wiki hizo ndipo mama anapompa mwanawe sehemu kubwa ya chokaa ya mifupa, madini ya chuma ya kutengenezea damu, na mafuta ya chini ya ngozi ambayo ni joto na ni akiba ya chakula. Anayezaliwa wiki ya 28 ni msafiri aliyeshushwa Chalinze usiku, basi likaondoka na mizigo yake yote.

Ubongo nao haujamaliza safari. Katika wiki ya 28 uso wake bado ni laini, mikunjo ndiyo kwanza inaanza. Itajikunja na kujaa katika wiki zinazofuata. Hata wiki ya 34, ubongo una kama theluthi mbili tu ya uzito ambao ungekuwa nao mimba ikitimia. Kazi hiyo yote, ambayo ilikuwa ifanyike kwa damu ya mama, sasa inataka kufanywa kwa maziwa, tena kupitia tumbo ambalo halijawahi kusaga chakula na mdomo usiojua kazi yake. Kunyonya, kumeza na kupumua kwa zamu bila kupaliwa ni ufundi, na mtoto huuweza vizuri akifika kama wiki ya 34. Kabla ya hapo maziwa hupitishwa kwa mpira mwembamba unaoingia puani au mdomoni hadi tumboni, kisha akikomaa kidogo hunyweshwa kwa kikombe kidogo huku akilamba kwa ulimi, kisha ziwa lenyewe.

Zamani waganga waliliogopa tumbo hilo. Katika miaka ya 1950, hospitali nyingi za Ulaya na Marekani ziliwakalisha njiti na njaa siku mbili tatu za mwanzo, kwa hofu kwamba maziwa yatapita njia ya hewa. Hofu ilikuwa na sababu, ila dawa yake ilikuwa mbaya kuliko ugonjwa: sukari ya damu ilishuka, manjano ikapanda, na waliopona wengine walibaki na ulemavu. Leo mafundisho yamegeuka. Mtoto asiye mahututi anaanza maziwa siku ileile ya kuzaliwa, hata kama ni matone, kwa sababu utumbo usiopewa kitu husinyaa na kusahau kazi. Aliye mahututi hupewa maji ya sukari kwenye mshipa, na pale penye uwezo hupewa lishe kamili ya mshipani yenye protini na mafuta. Pale penye uwezo, nimesema. Katika nchi zetu hospitali zenye lishe hiyo ni za kuhesabu.

Sasa tufike kwenye maziwa yenyewe, maana hapa ndipo maneno huwa mengi mitaani.

Uingereza, kati ya 1982 na 1985, daktari Alan Lucas na wenzake waliwafuatilia mamia ya watoto waliozaliwa na uzito usiofika gramu 1,850 katika hospitali tano. Wengine walipata maziwa ya mama, wengine ya kopo, wengine mchanganyiko. Mwaka 1990 wakatangaza jambo lililowashtua wengi: ule ugonjwa wa njiti ambao sehemu ya utumbo huvimba, huoza na mara nyingine hutoboka, uliwapata watoto wa maziwa ya kopo matupu mara sita hadi kumi zaidi ya waliopata maziwa ya mama matupu. Kama umewahi kuketi kwenye wodi ya njiti unaujua ugonjwa huu hata kama hujui jina lake. Tumbo linajaa na kung'aa, mtoto anatapika kijani, choo kinatoka na damu, na wauguzi wanaanza kutembea haraka.

Mwaka 1992 wakaja na habari nyingine. Watoto 300 hivi wa kundi hilo walikuwa wametimiza miaka saba na nusu hadi minane, wakapimwa akili. Waliopata maziwa ya mama zao katika wiki za mwanzo walikuwa juu kwa alama 8.3, hata baada ya kuhesabu elimu ya mama na hali ya nyumbani. Na wengi wao hawakuwa wamenyonya ziwa wakati huo; maziwa yalipita kwenye mpira.

Habari hiyo ilienea upesi, na mimi naipokea kwa mkono mmoja. Hakuna aliyepiga kura nani apate maziwa ya mama na nani akose. Akina mama walichagua wenyewe, na mama anayechagua kukamua maziwa wiki nne kwa ajili ya mtoto wa mpirani huenda ni mama mwenye mengine mengi ya kumpa mwanawe baadaye. Hesabu haziwezi kuchuja yote. Lakini kulikuwa na sehemu nyingine ya utafiti huo ambayo kura ilipigwa kweli: watoto waliogawiwa kwa bahati nasibu kati ya maziwa ya kopo ya kawaida na maziwa ya kopo yaliyoongezwa protini na virutubisho kwa ajili ya njiti. Matokeo ya mwaka 1998 yalionyesha wavulana waliolishwa yale ya kawaida, kwa wastani wa mwezi mmoja tu, wako nyuma kwa alama kama 12 katika upande wa lugha walipofika umri wa shule. Mwezi mmoja wa chakula hafifu ukaonekana baada ya miaka saba. Hiyo ndiyo sehemu inayonikosesha usingizi, kuliko ile ya alama nane.

Maana yake ni nini kwetu? Kwamba wiki za mwanzo hazisamehe njaa. Na kwamba maziwa ya mama, pamoja na kulinda utumbo kuliko kitu kingine chochote tunachokijua, kwa mtoto wa chini ya kilo moja na nusu huweza kupungukiwa protini na chokaa. Maziwa ya aliyejifungua kabla ya wakati huwa na protini zaidi katika wiki za kwanza, lakini hiyo nayo hushuka. Nchi tajiri huongeza unga wa virutubisho ndani ya maziwa ya mama. Sisi ambao unga huo ni adimu tuna njia zetu: kuongeza kiasi cha maziwa kadiri tumbo linavyostahimili, kumpa mtoto zaidi yale maziwa ya mwisho wa kukamua ambayo yana mafuta mengi, vitamini D, na madini ya chuma kuanzia wiki ya pili au zaidi kwa kipimo cha daktari. Mtoto asiyeongezeka uzito licha ya hayo anatakiwa achunguzwe, asisubiriwe.

Kuhusu akili, tuseme ukweli. Mwaka 2016 Wakanada walilinganisha njiti wadogo ambao, maziwa ya mama yakipungua, walijaliziwa kwa maziwa yaliyotolewa na akina mama wengine na kupashwa joto la kuua vijidudu, na wale waliojaliziwa kwa kopo la njiti. Walipofika miezi 18 hapakuwa na tofauti ya akili. Tofauti ilikuwa kwenye utumbo: ugonjwa ule wa kuoza uliwapata asilimia 1.7 upande mmoja na asilimia 6.6 upande wa pili. Kwa hiyo anayekuuzia kopo kwa kukuahidi mtoto mwerevu anakudanganya, na anayekuahidi hivyo kwa maziwa ya mama naye anatia chumvi. Ahadi ya maziwa ya mama ni kubwa zaidi ya hiyo: mtoto abaki na utumbo wake, abaki hai.

Na kopo lina jambo jingine ambalo halijaandikwa kwa herufi kubwa. Unga wa maziwa hauna hakika ya kuwa safi na vijidudu, hata ukiwa umefungwa kiwandani. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linataka ukorogwe kwa maji yenye joto lisilopungua nyuzi 70, kisha upozwe. Kwa mtoto wa miezi minane mwenye afya, hilo linaweza kupita bila madhara. Njiti wa kilo moja hana ukuta wa kujikinga.

Basi turudi kwa mama. Amejifungua usiku, pengine kwa upasuaji kwa sababu presha ilipanda. Mtoto kapelekwa chumba kingine, pengine jengo jingine. Yeye yuko wodi ya wazazi, katikati ya wenzake ambao wamelaza watoto wao ubavuni. Hajaambiwa kitu. Anaambiwa apumzike. Kesho yake, au keshokutwa, anapewa ruhusa, kitanda kinahitajika, na anaelekezwa awe anakuja kumwona mtoto saa za kulisha. Nyumbani kwake ni Mbagala, au ni kijiji cha ng'ambo ya mto. Nauli ya daladala mbili kwenda, mbili kurudi, kidonda kinauma, na mara tatu kwa siku haziwezekani, sembuse kumi na mbili.

Wakati huohuo ziwa lina hesabu yake. Maziwa huja kwa kuitwa. Mama wa njiti anatakiwa aanze kukamua ndani ya saa za mwanzo baada ya kujifungua, kwa mkono, kwa sababu mkono hutoa dang'a vizuri kuliko pampu, na aendelee mara nane au zaidi kwa siku, usiku ukiwemo. Siku ya kwanza atapata matone. Matone ya njano, mazito, yanayoweza kujaa kifuniko cha chupa ya soda tu. Hayo ndiyo kipimo chenyewe cha mtoto wa kilo moja, na ndiyo kinga yake ya kwanza. Ni hapa ambapo wifi au jirani, kwa nia njema kabisa, husema maziwa hayajashuka, nunueni kopo. Kopo likinunuliwa, mama anapumzika kukamua. Akipumzika siku mbili, ziwa linaelewa kwamba hakuna mtoto. Wiki ya pili, mtoto anapohitaji mililita 190 kwa siku, hazipo, na watu wanasema huyu mama hana maziwa.

Alikuwa nayo. Alikosa kitanda.

Msikilizaji, hili silisemi kwa hisia tu. Kati ya mwaka 2017 na 2020 ulifanyika utafiti katika hospitali tano: moja Ghana, moja India, moja Malawi, moja Nigeria, na moja yetu, Muhimbili, Dar es Salaam. Walichukua watoto wenye uzito wa kilo 1 hadi chini ya 1.8. Kundi moja lilipata utaratibu uliokuwa umezoeleka: mtoto mpaka atulie kwanza ndipo awekwe kifuani kwa mama kwa njia ya kangaruu. Kundi la pili, mtoto aliwekwa kifuani mara moja, hata kama bado hajatulia, hata kama yuko kwenye oksijeni, na ili hilo liwezekane vitanda vya akina mama viliingizwa ndani ya chumba cha wagonjwa mahututi wa watoto wachanga. Watoto wa kundi hili walikaa ngozi kwa ngozi kama saa 17 kwa siku wakiwa chumbani humo. Wenzao saa moja na nusu. Kufika siku ya 28, kundi la kawaida lilikuwa limepoteza asilimia 15.7 ya watoto, na kundi la mama kitandani asilimia 12.0. Punguzo la robo ya vifo. Wasimamizi wa usalama wa utafiti waliusimamisha kabla ya muda, kwa kuona si haki kuendelea kuwanyima watoto wa kundi la kwanza kitu ambacho faida yake imeshaonekana. Ripoti ilitoka 2021, na mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likabadilisha mwongozo wake: kangaruu ianze mara tu mtoto anapozaliwa.

Hebu pima. Hakuna dawa mpya hapo. Kilichoongezwa ni mama, kiti na kitanda chake, na ruhusa ya kuwepo.

Njia yenyewe ilizaliwa na uhaba. Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na wodi iliyofurika, watoto wawili watatu wakilala chupa moja, wakiambukizana. Akaanza kuwafunga vifuani kwa mama zao, wima, kati ya maziwa, mtoto akiwa na nepi, kofia na soksi tu, na kitambaa kikimshikilia. Kwetu kanga inatosha. Joto la kifua humpasha mtoto, mapigo ya mama humkumbusha kupumua, na ziwa likihisi ngozi ya mtoto hutoa maziwa zaidi. Wakolombia hao waliendelea kuwafuatilia watoto waliokuwa kwenye utafiti wa miaka ya 1990 hadi walipokuwa vijana wa miaka 20. Waliobebwa kangaruu walionekana na utulivu zaidi na utoro mdogo shuleni, na familia zao zilikuwa za karibu zaidi, baba akiwemo.

Nimefurahi kumtaja baba. Kifua cha mwanamume kina joto lilelile. Mama akienda kuoga, kula, au kulala saa tatu mfululizo ili maziwa yasikauke kwa uchovu, mtoto anaweza kuwa kwa baba au kwa bibi. Nimesikia wanaume wakisema wanaogopa kumvunja. Havunjiki. Anachoogopewa zaidi ni baridi, na wewe ndiye jiko. Ila usivute sigara.

Vipi mama akiwa mgonjwa mahututi, au akifariki, au maziwa yakikataa kabisa? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema mtoto mdogo sana anaweza kupewa maziwa ya mama mwingine yaliyopitishwa kwenye joto la nyuzi 62.5 kwa nusu saa, ambayo hukusanywa kwa wanawake waliopimwa. Nairobi wanayo benki ya namna hiyo katika hospitali ya wazazi ya Pumwani tangu 2019. Sisi watu wa pwani tutauliza mara moja: na undugu wa kunyonya? Swali si dogo. Kwa sheria ya Kiislamu, mtoto akinyonya kwa mama fulani, watoto wa mama huyo huwa ndugu zake na ndoa kati yao haiwezekani. Sasa ikiwa maziwa yamechanganywa ya wanawake kumi wasiojulikana, nani atamjua nduguye? Wanazuoni wenyewe wamegawanyika. Sheikh Yusuf al-Qaradawi mwaka 1983 alikuwa na rai ya kuruhusu, akiona kunywa kwa njia isiyo ya ziwa, tena maziwa yasiyojulikana yametoka kwa nani, hakuleti undugu. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Jeddah, mwaka 1985, likakataa kuanzishwa kwa benki hizo katika nchi za Kiislamu. Kwa maoni yangu, hospitali yoyote ya Zanzibar, Tanga au Mombasa itakayofikiria benki ya maziwa ianze na kikao cha masheikh kabla ya kuagiza friji. Na iko njia ambayo haiwapi shida: mtoaji mmoja kwa mtoto mmoja, familia zikijuana, jina likiandikwa. Sharti kubwa ni vipimo. Habari ya kumchukua jirani yeyote anyonyeshe bila kupimwa virusi vya ukimwi, hapana. Na mama anayeishi na virusi hivyo, akiwa anatumia dawa zake vizuri na mtoto anapewa kinga yake, bado maziwa yake mwenyewe ndiyo ya mwanawe. Asikatishwe tamaa pembeni na watu wasiojua.

Upande wa kazi tumesogea kidogo. Mwajiriwa Tanzania ana likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akizaa pacha, na kwa miaka mingi siku hizo ziliisha wakati mtoto njiti ndiyo kwanza anafikisha siku ambayo angepaswa kuzaliwa, au hajatoka hospitali muda mrefu. Doris Mollel, ambaye mwenyewe alizaliwa njiti na ana taasisi inayowahudumia watoto hawa, alipiga kelele juu ya jambo hilo miaka kadhaa, na mabadiliko ya sheria za kazi yaliyoanza kutumika 2025 yakamtambua mama wa njiti aongezewe muda. Ni hatua ya kusifiwa. Lakini muuza vitumbua hana likizo. Mkulima wa Kilosa hana. Na hao ndio wengi wodini. Kwao likizo ni chumba cha kulala karibu na mtoto, sahani ya chakula ya hospitali, na shemeji anayekubali kuangalia watoto waliobaki nyumbani. Mnaopeleka mtori na uji wa pilipili manga kwa mzazi, mpelekeeni na huyu wa njiti. Mara nyingi watu huogopa kwenda kumpongeza kwa sababu hawajui mtoto atakaa, naye anabaki peke yake na njaa, na mama mwenye njaa huchoka kukamua.

Tumalizie na kurudi nyumbani, maana hapo ndipo mengi mazuri huharibika.

Mtoto ameruhusiwa. Ana kilo 1.9, ananyonya, anaongezeka. Bado mdogo machoni pa bibi, na dawa ya udogo katika nyumba nyingi ni uji mwepesi, au maji ya mchele, au maji matupu kwa sababu ya joto. Bibi yangu, nakuamkia shikamoo, na nakuomba: usimpe. Tumbo lake ni kikombe kidogo. Ukilijaza maji ya mchele umemnyima mililita zilezile za maziwa ambazo zina mafuta na protini. Aendelee na maziwa ya mama matupu, na matone yake ya chuma na vitamini, mpaka kliniki iseme wakati wa chakula umefika. Kangaruu nayo isiachwe mlangoni mwa hospitali. Iendelee mpaka mwenyewe aanze kujinyonganyonga akitaka kutoka. Kama alizaliwa chini ya wiki 32 au chini ya kilo moja na nusu, macho yake yapimwe na mtaalamu akiwa na wiki nne hadi sita, kwa sababu mishipa ya jicho la njiti, hasa aliyepata oksijeni, huweza kuota vibaya na kumpofusha kimyakimya, na ikigunduliwa mapema hutibika. Masikio pia.

Halafu lipo suala la umri, ambalo huwapa wazazi presha bure. Mtoto aliyezaliwa wiki ya 28 amewahi kwa wiki 12, yaani karibu miezi mitatu. Akifikisha miezi tisa tangu azaliwe, mpime kwa mtoto wa miezi sita. Usimlinganishe na wa jirani ambaye ameshaanza kutambaa. Hesabu hiyo ya kupunguza itumike kwa kukaa, kutambaa, kutamka na hata kwa mistari ya uzito, mpaka atimize miaka miwili. Ukishapunguza na bado anachelewa, au upande mmoja wa mwili ni mgumu, au hageuki akiitwa, mpeleke, usisubiri akue kwanza. Wengi wa watoto hawa hukua bila ulemavu mkubwa, lakini wako wanaohitaji mazoezi ya viungo, na mazoezi ya miezi sita yana nguvu kuliko ya miaka sita.

Chanjo haipunguziwi kitu. Chanjo hufuata tarehe ya kuzaliwa, isipokuwa mhudumu wenu aseme vinginevyo kwa sababu maalumu.

Kwa hiyo mama, au baba, siku ya kwanza mtakayokwenda kliniki, mwombeni muuguzi aandike kwa kalamu juu ya kadi: amezaliwa wiki fulani, uzito fulani. Mwaka ujao atakayemhudumia atakuwa mtu mwingine, na foleni itakuwa ndefu.